Kabla ya Kuwasha, Mzevinari Hupapasa Majani

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeukalia mji wa Kutaisi. Mzevinari Kopaleishvili, mwenye miaka sitini na tatu, anavuta reki kwenye bustani ya shule ya chekechea. Majani ya mtini na mizabibu yamepukutika usiku kucha. Utadhani jana hakuzoa kitu.

Rundo linapomfika kiunoni, anaweka reki chini. Anapiga magoti, anazamisha mikono hadi mabegani, anapapasa.

"Kuna mtu humo?"

Juu, kwenye roshani ya jirani, mzee Otari anacheka. "Vipi, Mzevinari, leo majani yana homa?"

"Yana akili kukushinda wewe! Kunywa kahawa yako, inapoa."

Kazi hii ya kuzoa na kuchoma majani ameifanya miaka ishirini na sita. Mshahara ni lari mia tano kwa mwezi. "Mkate, jibini na kuni napata," anasema. "Nyama tunaonana nayo sikukuu."

Lakini kupapasa hakukuanzia hapa. Kulianzia uani kwake, binti yake Lela akiwa na miaka minne. Mzevinari alirundika majani, akaingia ndani kuchukua kiberiti. Hazikupita dakika tatu. Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Alipokuwa anawasha ya pili, rundo likakohoa.

"Likakohoa!" anarudia, mkono kooni. "Nikafukua kama kuku. Nikamkuta kajikunja, usingizi umemchukua. Tangu siku ile sikumruhusu hata kuyakanyaga majani. Si yeye tu, hata mtoto wa mtu."

Na hapo ndipo panapomuuma. Maana yeye mwenyewe alikulia ndani ya majani. Baba yake aliyarundika mbele ya kibaraza cha nyumba anayoishi hadi leo, yeye na dada zake wakaruka humo mpaka nywele zikanuka tini, mama yao akilalamikia soksi. Jioni vilichomwa viazi kwenye majivu. Ndimi ziliungua, na hakuna aliyengoja vipoe.

Lela sasa yuko Italia, analea wazee. Jumamosi anakuja na mwanawe Keto, wa miaka sita, ambaye hajawahi kuiona nyumba ya bibi yake. Juzi mtoto alishika simu.

"Bibi, mama anasema hukumruhusu kuruka kwenye majani. Mimi je?"

"Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata," Mzevinari anakiri. "Bibi mzima, namkimbia mtoto."

Kwa wenye watoto ana neno moja. "Ukiligeuzia rundo kisogo, hata dakika moja, si lile uliloliacha. Papasa. Wakikucheka, wacheke."

Anasimama, anatoa kiberiti mfukoni, anakirusha hadi roshani.

"Otari! Kaa nacho mpaka Jumatatu. Hata nikikulilia, usinipe."

"Umeacha kazi?"

"Nina mgeni."

Majani ya leo hayachomwi. Anayapakia kwenye toroli, anaanza kuyasukuma kwenda uani kwake, mbali na barabara, mbele ya kibaraza kilekile.

"Ataruka," anasema. "Ila nitapapasa kwanza."