Mpimaji wa Viinitete

Yule mpimaji wa viinitete hajipaki mafuta ya kunukia, havai bangili, na hucheka bila kutoa sauti, kama mtu aliyelaza mtoto chumba cha pili. Mama aliyemsindikiza binti yake alirudishwa mlangoni mwa maabara. "Umejipulizia manukato, mama. Harufu inawadhuru hawa wachanga wa kwenye kisahani. Kanawe." "Wajukuu hata kuzaliwa bado, washaanza kunisema!" alijibu mama, lakini alinawa hadi shingoni, maana hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho kwa binti yake, aliyesubiri chumba cha jirani, kujaribu kupandikizwa mimba, na kwenye kisahani vilibaki viinitete viwili tu.

Aliporudi, mpimaji alisoma jina la binti mara mbili, akainamia hadubini na kubana pumzi, kama afanyavyo kila anapohesabu. Mama akajikuta naye amebana. Kwenye skrini kiinitete cha kwanza kilisinyaa, kikajaa, kikasinyaa tena. "Kinapumua?" "Hapana, mama. Ni maji yanaingia na kutoka. Hiki ndicho tutakachompandikizia." "Na kile kingine?" "Kimeacha kukua tangu jana." Akakiwekea alama ya kukosa kwenye karatasi, taratibu, kwa kalamu nyekundu, kisha akanyoosha mkono kuzima taa. Mkono ukabaki hewani. Kile cha pili kilikuwa kinajaa polepole, kama jicho linalofumbuka. Hakuna aliyekuwa amekigusa. "Umeona?" mama aliuliza. Mpimaji hakugeuka. "Nimeona," alinong'ona, akaketi tena. "Kamwambie binti yako asipande kitanda cha kupandikizia bado. Nahesabu upya."