Pumba za Mzee Mrisho

Usiniulize kama Mzee Mrisho ni tajiri au maskini. Wenye midomo wa Rujewa wamebishana juu ya hilo mpaka wakachoka, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi, Faustina, niliyemshonea magunia miaka sita kwa sindano hii hii. Basi kaa hapo juu ya makapi nikwambie.

Alizaliwa Iringa mjini, Ipogolo, pale chini barabarani. Baba yake alikuwa muuza duka aliyetoka pwani. Mrisho alikuja Rujewa kijana, akiuza chumvi na khanga, akauona mpunga, hakurudi tena. Sasa ana miaka sitini na kitu, na kofia yake ni nyeupe hata katikati ya vumbi la mashine ya kukoboa. Anajua kwetu ni Kalenga, kwa hiyo kila asubuhi ananisalimia Kihehe: "Kamwene, Mama Vitus!" Anaitamka vibaya hiyo kamwene, Mungu wangu, lakini haachi.

Kazi yake ni kununua mpunga ungali kijani. Mwezi wa pili mkulima ana shida ya ada au ya mbolea. Mzee Mrisho anamlipa hela yote taslimu, wanaandikiana: magunia kadhaa, ujazo huu, tarehe hii. Shamba hanunui. Anasema dini yake inataka kitu kipimwe na siku itajwe. Mpunga ukivunwa anaufungia stoo hapa mashineni, anasubiri bei ipande, mwezi wa kumi na mbili anakoboa na kuuza. Halafu anachukua chaki na kuandika kwenye mlango wa stoo: 60 – 90. Yaani kanunua gunia la mpunga kwa elfu sitini, kauza mchele wake kwa elfu tisini. Basi, hakuna kingine. Wapita njia wanasoma, wanapiga hesabu ya vidole: elfu thelathini mara magunia mia mbili, milioni sita! "Huyu mzee ana nyota," wanasema, na mwenye nyota mwenyewe aliamini kuliko wote.

Mkono wake haukuwa mzito. Msikitini alitoa, na hata sisi wa parokia tulipoezeka kigango alileta mabati. Mume wangu Kasian alipofariki, Mzee Mrisho alikaa matangani siku zote tatu. Siku ya kuanua akaniita pembeni. "Mama Vitus, pumba zangu zote za hapa mashineni ni zako. Mimi sina pa kuzipeleka."

Pumba ni ule unga laini unaobaki mpunga ukikobolewa, chakula cha mifugo. Nikamshukuru, nikamwambia nitawapa kuku. Kuku! Nilikuwa nimenunua watoto wawili wa nguruwe. Ningemwambiaje mtu anayeswali swala tano? Nikasema kuku, na kuku wakabaki kuku miaka sita.

Mwaka jana, mwezi wa pili, akaja na jipya. Anauza nyumba ya Ipogolo, aliyoachiwa na baba yake. Mnunuzi yupo, analeta hela Ijumaa. Alitaka safari hii anunue magunia mia nne, sio mia mbili. Na humo ndani anaishi mama yake, Bi Rukia, bibi wa miaka themanini na ushee, asiyepata usingizi mpaka asikie malori yakipanda mlima.

"Mama atahamia kwetu huku," alisema, utadhani anahamisha mtungi.

Nilikasirika lakini nilinyamaza, si nyumba yangu. Aliyesema ni mkewe, Bi Nasrin, mama mpole ambaye ukimkuta sokoni unaweza kudhani ni bubu. Jumatano alikuja mashineni na daftari la mtoto wa shule kwapani.

"Mume wangu, nyumba uza," alisema. "Lakini kwanza tupige hesabu ya msimu uliopita, yote, mbele ya Mama Vitus. Yeye ana idadi ya magunia."

Ni kweli. Mimi nalipwa kwa gunia, kwa hiyo kila gunia ninaloshona naliandika, sidhulumiwi mie.

Mzee Mrisho akacheka. "Hesabu si hiyo mlangoni?"

"Mlangoni kuna bei. Mimi nataka kilichobaki. Mali bila daftari huisha bila habari."

Tukakaa kwenye benchi, watu wazima watatu. Nikasoma daftari langu. Alilipia magunia mia mbili, yakaja mia moja tisini na moja. Wakulima wawili maji yaliwakauka shambani, utawafanya nini? Miezi sita stoo mpunga ukakauka ukasinyaa. Kabla ya kukoboa nilifungua, tukaujaza upya kuupima, nikashona mia moja sabini na nane. Mzee Mrisho akaniangalia kana kwamba mimi ndiye panya.

"Magunia ishirini na mawili yameenda wapi?"

"Hayajaenda popote, Mzee. Hayakuwepo."

Bi Nasrin akaandika. Mauzo, milioni kumi na sita na ushee. Akatoa milioni kumi na mbili za kununulia, zikabaki nne. Nne si haba, na mzee akaanza kurekebisha kofia. Ndipo Bi Nasrin akaanza kumuuliza, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Trekta za kutoa mpunga shambani? Magunia matupu, wapakizi, na mshona magunia? Pango la stoo? Kukoboa? Ushuru wa halmashauri, ambao mnunuzi ndiye anayelipa? Kodi ya mapato? Kila jibu lilikuwa na risiti mfukoni au kichwani, maana mzee si mwongo. Ni kwamba hakuwahi kuziweka zote mahali pamoja.

Bi Nasrin akapiga mstari. Zilibaki elfu sitini.

"Rudia," alisema Mzee Mrisho.

Akarudia. Elfu sitini. Mwaka mzima, jua na vumbi na wasiwasi wa bei, faida yake ni bei ya gunia moja la mpunga wa kijani. Wakarudi nyuma miaka mingine: miwili ilikuwa hasara tupu, na mitatu iliyobaki haikupishana sana na huo.

Mashine ikazimwa. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ningemtoa mama yangu ndani kwa sababu ya chaki." Akasema anaacha biashara.

Hapo roho ikaanza kunisuta. Kwa sababu kuna kitu hakikuandikwa, na aliyekijua ni mimi peke yangu. Ningenyamaza nani angejua? Lakini nilimtazama yule mzee, nikamwona akinywea mle mle ndani ya kanzu, nikashindwa.

"Bi Nasrin, kuna pumba," nikasema. "Msimu uliopita nilishona magunia ishirini na tano ya pumba. Gunia ni elfu thelathini. Hiyo ni laki saba na nusu, Mzee, kila mwaka unanipa mimi. Faida yako imekaa kwangu. Ada ya Vitus chuoni Mbeya imetoka humo, na bati la nyumba yangu limetoka humo. Na tena, Mzee, nisamehe, sina kuku. Nafuga kitimoto."

Nikajiinamia. Nikasikia mtu anakohoa, kumbe anacheka.

"Mama Vitus, kuku gani wanaokula magunia ishirini na tano? Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Upepo wa jioni unatoka kwako unakuja kwangu."

Loo, nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Nasrin alikuwa ameshanyanyua kalamu. Mumewe akaweka kiganja juu ya daftari. "Usiandike. Nilichokwisha kumpa mjane si changu. Kitaingiaje kwenye hesabu yangu?"

"Cha nyuma siandiki," alisema Bi Nasrin. "Cha mwaka huu je?"

Mzee Mrisho alisimama. Alitoa simu, akampigia mnunuzi, akamwambia nyumba haiuzwi, ina mwenyewe. Halafu akaenda akafuta mlango kwa kiganja chake.

Msimu ule alinunua magunia mia moja tu, na nusu aliyakoboa na kuyauza mapema kabla hayajasinyaa. Mimi nilishawaambia wazi kwamba pumba sichukui tena. Mpaka siku ya mwisho ya kukoboa nilikuwa nimeshona magunia kumi na mawili ya pumba, nikamwachia Bi Nasrin na daftari lake, nikaenda zangu nyumbani. Sikuwa na uchungu. Uongo, nilikuwa nao. Nguruwe sita, na Vitus bado mwaka mmoja.

Alasiri nikasikia mtu anabisha. Kuchungulia, ni Mzee Mrisho, kasimama mbali kidogo na geti, kofia nyeupe kichwani, na nyuma yake mkokoteni wenye magunia sita. Nguruwe walishasikia harufu, wanapiga mayowe.

"Kamwene, Mama Vitus! Kuku wako leo wana kelele."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka, sijui lipi lilitangulia. "Mzee, hizi umeziandika?"

"Nimeziandika. Sita tumeuza, sita nimetoa." Akatazama chini, akapangusa vumbi kwenye kanzu. "Miaka yote ile nilikupa kitu nilichodhani ni takataka. Hiyo haikuwa kutoa. Leo najua natoa laki moja na elfu themanini."

Nilijifuta kwa ncha ya kitenge nikafungua geti. Mkokoteni ukaingia, yeye akabaki barabarani.