Ijumaa za Mama Kemunto

Waliokuwa na kompyuta Kisii na Nyamira miaka ya tisini hawakuwa wengi, na karibu wote walimjua Orpah Nyanchoka kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Yeye ndiye aliyepokea simu katika duka la Bwana Shashikant pale mjini Kisii, tulipokuwa tukiuza na kutengeneza taipureta, mashine za fotokopi na, kadiri miaka ilivyosonga, kompyuta. Sisi wa dukani tulimwita Mama Kemunto, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mimi ni Nehemiah, mmoja wa mafundi wawili wa pale, na ninayoyasimulia nilikuwamo. Sikuwa upande mzuri sana, nitakiri nikifika huko.

Mama Kemunto alizaliwa Masimba, akajifunza kupiga chapa katika chuo kidogo cha mjini, akaajiriwa mwaka wa tisini. Miaka miwili ya kwanza aliandika malalamiko ya wateja katika daftari kubwa jeusi. Mwaka wa tisini na mbili Bwana Shashikant akanunua programu ya kuandikia malalamiko, ile ya skrini nyeusi na herufi za kijani. Ilitaka mambo machache tu: nani amepiga simu, mashine gani imeharibika, tarehe, fundi gani ametumwa, na kazi imekwisha lini. Mama Kemunto aliizoea mpaka akawa anaongea na mteja, anaandika na kunywa chai, vyote kwa pamoja. Mteja akipiga simu kwa hasira alisalimiwa kwanza, akaulizwa habari za watoto, za mvua na za majani chai, na alipofika kwenye printa yake hasira ilikuwa imeshaisha. Mimi nilimwambia angefaa kuwa mkuu wa wilaya. Aliniambia nichukue bisibisi niende.

Sasa, Bwana Shashikant alikuwa na ahadi yake, ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu: FUNDI ATAFIKA NDANI YA SAA 24. Kila mwisho wa mwezi alichapisha orodha ya kazi zote, akavaa miwani, akachukua kalamu. Kazi iliyochelewa ilipigwa mstari. Fundi mwenye mistari mitatu aliitwa ofisini, na huko ofisini hapakuwa na chai.

Shida ilikuwa Ijumaa. Nusu ya wateja wetu walikuwa Wasabato: shule, zahanati, vyama vya wakulima. Msabato akipiga simu Ijumaa alasiri kwamba mashine imekufa, huwezi kumfikia kabla jua halijazama, na Jumamosi utakuta lango limefungwa na watu wako kanisani. Utaenda Jumapili. Hapo saa ishirini na nne zimepita zamani. Mama Kemunto mwenyewe alikuwa Msabato. Alikuwa na mapatano na Bwana Shashikant: Ijumaa anatoka saa kumi, Jumamosi haji, Jumapili asubuhi anafungua duka. Basi, malalamiko ya Ijumaa alasiri aliyaandika kwenye kikaratasi, na Jumapili asubuhi akayaingiza katika kompyuta kwa tarehe ya Jumapili. Mimi Mkatoliki nikatoka misa ya kwanza, nikachukua pikapu nikaenda, na orodha ikaonyesha nimefika ndani ya saa mbili tu. Kwa miaka saba sikuwahi kupigwa mstari kwa kazi ya Msabato.

Nilijua? Nilijua. Hata nilimletea ndizi.

Hakuna aliyeumia, au ndivyo tulivyojidanganya, mpaka Machi ya mwaka wa tisini na tisa. Ijumaa moja saa tisa na nusu, Gesare, karani wa shule moja ya Wasabato kule Nyansiongo, alipiga simu kwamba monita yake imezimika na inanuka moshi. Mama Kemunto akaandika kikaratasi, na Jumapili akakiingiza kama kawaida. Nikaenda, nikakuta monita imeungua, nikairudisha dukani. Ilikuwa na waranti ya mwaka mmoja, kwa hiyo tukaipeleka kwa wakala wa Nairobi pamoja na karatasi ya malalamiko. Baada ya wiki mbili wakala akajibu: waranti iliisha Jumamosi, mteja amelalamika Jumapili, pole sana.

Mama Kemunto aliisoma barua ile mara tatu. Kisha akanionyesha.

"Nehemiah, alipiga Ijumaa. Mimi ndiye nimemfanya achelewe."

"Waambie wa Nairobi kwamba dukani walikosea kuandika tarehe," nikasema.

"Nani walikosea? Ni mimi. Nikibadilisha hii moja, Mzee Shashikant atauliza, na nyingine zote je? Jumapili mia tatu nitazieleza namna gani?"

Nikamwambia anyamaze. Ndiyo, ni mimi niliyemwambia, na sijivunii. Shule ikabaki bila monita, Gesare akarudia taipureta ya zamani, na Mama Kemunto akaacha kunywa chai akiongea na simu. Alikuwa na mume mwalimu na watoto wanne, wawili wako sekondari. Kazi ile hakuweza kuichezea.

Ikafika Julai, na kila mtu akawa anaongea juu ya mwaka elfu mbili. Programu yetu iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa hiyo ikifika Januari ingedhani tumerudi mwaka elfu moja mia tisa, kabla hata Kisii haijajua kompyuta ni nini. Manish, mtoto wa Bwana Shashikant aliyekuwa amemaliza masomo Nairobi, alitaka tununue toleo jipya, la madirisha na rangi. Baba yake alikuwa ameambiwa kwamba hata la zamani linaweza kutiwa kiraka kwa disketi moja, likaendelea hivyo hivyo. Walibishana wiki nzima kwa Kigujarati, sisi tukisikia neno "kompyuta" tu. Mwishowe mzee akamwita Mama Kemunto.

"Orpah, hii mashine iko ya wewe. Si ya mimi, si ya Manish. Tumia mpya wiki mbili, pamoja na ya zamani. Halafu Jumatatu sema gani mzuri. Vile utasema, ndio tutafanya."

Mtu mwingine angefurahi. Mama Kemunto alirudi mezani kwake kama aliyepewa maiti ya kulinda. Nilimwelewa. Akisema kiraka, mambo yanabaki yalivyo na siri inakaa. Akisema mpya, kumbukumbu zote za zamani zitahamishwa, na Manish alikuwa ameshatuonyesha jinsi programu hiyo inavyochora idadi ya malalamiko kwa siku. Jumapili ingesimama pale juu ya siku nyingine zote. Kwa nini mashine za Kisii ziharibike Jumapili? Hata mtoto angeuliza.

Kuna jambo jingine pia. Programu mpya iliandika tarehe na saa yenyewe, mara tu ukianza kuandika lalamiko. Huwezi kuigusa. Mimi hiyo peke yake ilinitosha kuikataa.

"Sema kiraka," nilimwambia siku ya kwanza. "Sema kiraka, Mama Kemunto, tulale."

Yeye akafungua sanduku la programu mpya. Alianza kusoma kitabu cha maelezo, kinene, cha Kiingereza cha kukwaruza. Alisoma akila, alisoma akingoja simu. Siku ya tano nikamkuta amekodolea skrini macho, kidole kiko mdomoni.

"Kuja uone," akasema.

Alikuwa amefungua ukurasa wa mteja, ile shule ya Nyansiongo. Chini kabisa, mahali ambapo Manish mwenyewe hakuwahi kufika, kulikuwa na siku saba za wiki, na kila moja na kisanduku chake. Alikuwa ameondoa alama ya Jumamosi, na Ijumaa ameweka mwisho saa tisa. Akaandika lalamiko la kujaribu. Programu ikaandika tarehe ya Ijumaa, saa tisa na nusu, kama ilivyokuwa kwenye saa ya kompyuta wakati ule. Halafu ikahesabu yenyewe: fundi afike kabla ya Jumapili jioni. Hakuna kuchelewa.

"Unaona?" akasema. "Miaka saba nadanganya kwa jambo ambalo lingesemwa tu. Mteja huyu hafungui Jumamosi. Basi. Nani angekataa?"

"Vizuri. Lakini za zamani?"

Akazima skrini. Nikaona amebana midomo, na nikajua hatasema kiraka.

Wiki mbili zilipokwisha, Jumatatu tukaketi ofisini wanne: mzee, Manish, Mama Kemunto na mimi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Hakuzunguka.

"Bwana Shashi, tununue mpya. Inajua kwamba watu hawana siku sawa za kazi, ile ya zamani haijui. Na inaweka saa ya kweli. Lakini kabla mhamishe kumbukumbu, nataka mjue Jumapili nyingi zilizomo ni Ijumaa. Niliandika mimi, ili mafundi wasipigwe mstari kwa siku ya Sabato. Na kwa sababu hiyo ile shule ya Nyansiongo ilinyimwa monita. Walipiga kabla waranti haijaisha. Kama nitafukuzwa, nifukuzwe kwa kitu nimesema mwenyewe."

Manish akaruka. "Miaka saba? Karatasi tunatuma kwa mawakala ni ya uongo?"

"Ndiyo, Bwana Manish."

Ikawa zamu ya Bwana Shashikant. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Vilikuwa vichafu, na nilivichunguza kwa makini sana. Lakini kuna kiasi cha kukaa kimya ambacho mtu mzima hawezi kukivuka bila kujichukia, nikakifikia.

"Nilijua, Mzee," nikasema. "Tulijua sote mafundi. Ilitufaa."

"Najua ilifaa," mzee akasema. Kisha akamgeukia Mama Kemunto. "Kwa nini hukuniambia Sabato inaharibu saa yangu? Mimi nafunga duka Diwali. Siku hiyo mtu akipiga simu, nani anasema Shashikant amechelewa? Miaka tisa tunakaa hapa mimi na wewe, Ijumaa nakupa ruhusa, na hii hukuweza kusema?"

"Niliogopa."

"Mimi?"

"Hiyo kalamu."

Manish akacheka kabla hajajizuia. Mzee hakucheka. Akasema tutanunua mpya. Kwamba kumbukumbu za zamani zisihamishwe, tuanze ukurasa safi. Kwamba Orpah ndiye atakayeweka siku za kila mteja, mmoja mmoja, na Diwali asiisahau. Na monita ya Nyansiongo ilipwe na duka, kwa sababu kosa ni la duka. Alisema hilo la mwisho kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino.

"Na Gesare utampigia wewe," akaongeza.

Nilikuwepo alipopiga. Safari hii mambo ya mvua na majani chai hayakuwepo. Alisalimia, "Bwakire," akaeleza yote kwa pumzi moja, akangoja. Sauti ya Gesare ikaja juu kiasi kwamba hata mimi niliisikia.

"Orpah, unajua mwalimu mkuu aliniambia nini? Kwamba nililala kazini, kwamba nilikumbuka kupiga simu waranti imeisha. Mbele ya walimu! Nilimwambia nilipiga Ijumaa, akanionyesha karatasi yenu, imeandikwa Jumapili. Miezi minne! Mpaka mimi mwenyewe nikaanza kufikiri labda kweli nilipiga Jumapili, labda kichwa changu kimeharibika."

Mama Kemunto alilia, machozi yakashuka mpaka kwenye kibodi. Mimi nilisimama pale nikiwa sina maana, nimeshika kikombe cha chai cha mtu mwingine.

"Nifanye nini, Gesare?"

"Niandikie. Kwa karatasi ya duka, na muhuri. Andika siku niliyopiga."

Alhamisi niliendesha pikapu kwenda Nyansiongo na monita mpya imefungwa kwa blanketi, bahasha iko mfukoni. Gesare hakuitazama monita. Alichukua bahasha, akanivuta mkono mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, akabisha mlango na kuingia kabla hajaitwa. Akaisoma barua kwa sauti, amesimama, polepole, na alipofika kwenye tarehe aliisoma mara mbili.

Mwalimu mkuu alichukua barua akaisoma na yeye. "Kumbe," akasema.

Gesare hakuondoka. Alikunja mikono akangoja. Yule bwana akatazama dirishani, akanitazama mimi, mimi nikamwangalia tu. Nilikuwa nimeshamaliza kutazama viatu.

"Ulipiga Ijumaa, Gesare," akasema hatimaye. "Nilikukosea. Nitawaambia walimu."

"Leo, saa nne, wakinywa chai," Gesare akasema. "Wote watakuwepo."