Laptop kwa fundi inateleza, nyumbani gemu inakwama: yaliyonikuta mpaka nikajua sababu

Wakuu, habari za huko mliko. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnisamehe. Mwandiko wangu wa kalamu ndiyo kabisa, bora hapa nachapa. Ninayosimulia yametokea kwetu, Ngokolo, Shinyanga, na sijaongeza chumvi.

Mimi si mtu wa kuongea. Mtaani nilikuwa napita tu, nasalimia, naondoka.

Kaka yangu Masanja yuko Geita kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu. Ndiye aliyeniletea laptop, walikuwa wanaangalizia filamu kambini kwao, jirani na karasha linalosaga mawe. Nikaweka gemu ya mpira. Vijana wa jirani wakaanza kuja sebuleni kwetu kucheza.

Kwa mara ya kwanza nikawa na wenzangu. Na hawanitaki niongee, wote tunaangalia skrini.

Shida ikawa kukwama. Mchezaji anakimbia, anaganda, ukija kushtuka mpira uko wavuni kwako. Wenzangu wakaanza kupungua, mmoja mmoja.

Halafu kaka akapiga simu. Duara lao limejaa maji, na kuna mtu yuko tayari kutoa pampu achukue laptop. Akaniambia anakuja Jumapili kuiangalia mwenyewe. Ikiwa inacheza vizuri, ni yangu. Ikiwa inakwama, anaondoka nayo.

Wakuu, wiki ile sikutulia. Nakaa, nasimama, nafungua settings, nafunga.

Nilichofanya ni hiki. Nilicheza chaja ikiwa imechomekwa, maana kwa betri peke yake laptop inajipunguzia nguvu. Kwenye Windows nikaweka power mode ya best performance. Ndani ya gemu nikashusha resolution, nikazima vivuli, nikapunguza mashabiki wa jukwaani. Frame rate nikaifunga kwenye 30, maana ni bora 30 iliyotulia kuliko 60 inayoruka ruka. Nikafunga browser na programu zote zinazojiwasha zenyewe. Driver ya graphics nika-update kwa hotspot ya simu mpaka bando likakata.

Ikasaidia, ila mwanzoni tu. Mechi ya kwanza inateleza, ya pili inaanza tena kuganda.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaifungua, ndani kuna vumbi la mawe limegandamana kwenye feni kama unga uliolowa. Akasafisha, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto kwenye processor. Tukaijaribu palepale mezani kwake, mechi baada ya mechi, haijakwama hata mara moja.

Narudi nyumbani, inakwama.

Hapo nilitaka kulia. Nikasema ni umeme wa kwetu. Nikahamisha soketi, nikaomba extension kwa jirani, nikajaribu chumbani. Vilevile.

Jumapili kaka akafika. Akamwamkia mama, mama akaitikia marahaba, akamtengea ugali, na kabla hajanawa mikono vizuri kaka akauliza laptop iko wapi.

Sasa hapa niwaeleze kitu. Kwetu sebuleni kila kitu kina kitambaa cha kufuma. TV inacho, redio inacho, jagi la maji linacho. Na laptop mama aliifumia vazi lake la uzi mnene, limetandikwa chini, na pindo linapanda pembeni kote ili isikwaruzike. Unainua skrini tu, kwingine kote imevaa. Nilipokwenda kwa fundi nililivua ili lisichafuke. Na kwa ajili ya ugeni wa kaka, mama alikuwa amelifua na kulitia wanga, limesimama vizuri.

Tukacheza mimi na kaka. Mechi ya kwanza safi. Ya pili ikaanza kuganda.

Kaka akaweka chini pad ya kuchezea. "Mdogo wangu, huu si mpira. Hizi ni picha za passport."

Akaanza kukunja waya wa chaja. Nikapitisha mkono chini ya laptop nimsaidie kuinyanyua, nikautoa haraka. Moto kama sufuria.

Ndipo nikaiona akilini ile meza ya fundi. Mbao tupu.

Mama alikuwa amekaa palepale. Kusema mbele ya kaka kwamba kazi ya mikono yake ndiyo inayoniharibia, mdomo ulikataa. Na kaka ameshasimama.

"Mama, naomba niivue."

"Uvue nini?"

"Vazi lake. Hewa haipiti."

Kaka akaacha kukunja waya. Halafu mama akaja, akalivua mwenyewe, akalikunja mapajani. Akasema kwa sauti ndogo, "Na uzi wote ule."

Nikaiweka kwenye meza tupu, nyuma nikaiinua kwa viberiti viwili. Tukasubiri ipoe. Kaka anaangalia saa, anawahi gari.

Tukacheza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Inateleza. Kaka akafungwa, akasema turudie. Akafungwa tena, akasema pad yake ni mbovu, tubadilishane. Gari likamwacha.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, aliniambia, "Pampu tutatafuta kwingine."

Nilichojifunza: settings zina kazi yake, ila laptop ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe, hata ushushe graphics mpaka mwisho. Safisha feni. Usiiweke juu ya kitambaa, kitanda wala mto. Pitisha mkono chini kabla hujalaumu umeme.

Wenzangu wamerudi, juzi sebule ilijaa. Ila kuna kitu kinanisumbua. Mama hajalisema lile jambo tena, wala mimi. Anafuma kingine sasa, cha rangi ya bluu, na sijamuuliza ni cha nini.

Wenye uzoefu, nikiongeza RAM ya pili nitapata mabadiliko? Na kama kuna aliyewahi kumwambia mama yake neno la namna hii, anieleze baadaye alimwambia nini. Niandikieni hata mstari mmoja. Nachelewa kujibu, ila nasoma yote.