Neno la Siri Ubavuni mwa Mtumbwi

Mimi siyo fundi wa kusema nijivunie. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya miezi mitatu ya kompyuta Musoma mjini, basi. Lakini akina mama wakausha dagaa wa Makoko, wenye wenzao Bunda na Butiama, walinikabidhi tovuti yao ya oda. Mwenyekiti wao alisema mapema, "Ikiingiliwa hata mara moja, tunarudi kwenye daftari."

Kila asubuhi nilikuwaga nasoma orodha ambayo seva inaandika ya wanaojaribu kuingia. Siku moja nikakuta mashine nisiyoijua imebisha hodi kwa jina la mwenyekiti, kila sekunde chache, ikibahatisha maneno ya siri. Haikuwa imefanikiwa. Bado.

Nikamfuata mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. "Shikamoo mama. Neno lako la siri siyo rahisi?"

"Marahaba. Ni jina la mtumbwi wetu. Wote tumeweka majina ya mitumbwi."

Mtumbwi ulikuwa mbele yetu, NEEMA, herufi kubwa kama kiganja. Nilitaka kucheka. Ila la kwangu mimi lilikuwa jina la dume la ng'ombe la babu kule Butiama, ambalo kijiji kizima kinaliita likilima. Sikucheka.

Tukabadilisha yote, kila mmoja akaunganisha maneno manne kuwa neno lake la siri. Kisha nikaiambia seva: mashine ikikosea mara tano, ifungiwe saa nzima.

Kesho yake aliyefungiwa ni mwenyekiti, kakosea neno lake jipya mara tano, yuko Guta kule Bunda na mnunuzi pembeni. Akanipigia.

"Mwanangu, umenifungia nje ya nyumba yangu."

Mkono ulikuwa tayari kuiondoa ile kufuli. Labda nimekosea, nani kanifundisha? Lakini yule mbishaji alikuwa bado anabisha.

"Nisamehe, mama. Kosa langu ni kutokukuambia. Lakini siiondoi."

Akauliza, "Na wewe ikikufunga?"

"Nitakaa saa nzima kama wewe."

Jumatatu akina mama wakanidai nionyeshe kwamba hata mimi inanifunga. Nikakosea mara tano mbele yao, kwa simu yangu, ikanifunga. Wakanipa ungo wa dagaa nichambue mawe. Baadaye nikainuka kidogo kunyoosha mgongo.

"Bado dakika kumi," mwenyekiti akasema. "Kaa."

Nilipofunguliwa nikasoma ile orodha kwa sauti. Mbishaji alikuwa amejaribu mara tano, akafungiwa. Saa iliyofuata akarudi, tano tena, akafungiwa.

"Daftari liendelee kukaa kabatini," mwenyekiti akasema, akanisogezea ungo mwingine.