Babu Nasor, mla moto wa Liverpool: nilivyompata kwenye sensa za Waingereza

Wakuu, salaam kutoka Ibra, Oman.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nami nina langu. Ni la ukoo wangu mwenyewe na sijalitia chumvi.

Wazee wangu walirudi huku kutoka Unguja, mimi nikazaliwa hapa. Kwa hiyo mkikuta Kiswahili kimeteguka mnisamehe. Hiki nilicho nacho nimepewa na shangazi yangu, Bi Rayya, mwenye miaka themanini na kitu. Napita kwake baada ya sala ya Ijumaa. Kahawa, mkate wa kumimina, na hadithi za Unguja ambazo nazijua zote na bado nataka kuzisikia.

Siku moja akanitolea picha ya zamani. Mwanamme ana kilemba kikubwa, joho la nyota, mkononi mwenge. Chini pana chapa ya studio ya Liverpool na jina "Prince Nassor".

"Nani huyu, shangazi?"

"Babu Nasor, nduguye babu yangu. Kazaliwa hapa hapa Ibra, kapelekwa Unguja mdogo, kisha kaondoka na meli ya Kizungu, mpishi. Ikaja habari kuwa anakula moto majukwaani, Wazungu wanampigia makofi. Babu akakataza jina lake lisitajwe nyumbani."

Akaichukua tena ile picha.

"Dada yao, Bi Zuwena, mie nimemuwahi, kizee. Mpaka anakufa akiuliza, 'Nasor katusahau?' N'tafutie jibu, babaangu. Nami umri ushakwenda."

Sasa wakuu, Waingereza huhesabu watu kila miaka kumi, na sensa za enzi za Malkia Victoria na za miaka iliyofuata ziko online. Nikafungua akaunti.

Nassor hakuna. Nassar, Nasser, wapi! Karani aliandika alivyosikia.

Wiki ya tatu nikamkuta kaandikwa "Nazzer", kwenye nyumba ya wapangaji, pamoja na mtembea juu ya kamba na bwana mwenye mbwa wanaocheza dansi. Kazi: mla moto. Alikozaliwa: Uajemi!

Nilicheka peke yangu. Sensa iliyofuata kawa mfanya mazingaombwe, ana mke anaitwa Emily, na sasa kazaliwa Misri. Nadhani alichagua nchi itakayojaza ukumbi.

Sensa ya tatu nilimfungulia shangazi kwenye laptop.

"Ana mtoto wa kike," nikamwambia. "Jina lake Suena."

"Hebu rudia."

"Su-e-na."

Akaweka kikombe chini. "Zuwena hilo! Kampa mwanawe jina la dada yake."

Akajifunika mtandio usoni akalia. Mimi nikajifanya nashughulika na laptop.

Ya mwisho niliyoipata ni tofauti. Safari hiyo fomu zilijazwa na wakuu wa kaya wenyewe, si karani, kwa hiyo ule ni mwandiko wake hasa. Emily kashafariki. Yuko yeye na binti yake tu. Alikozaliwa: Ibra, Oman. Na penye sahihi, kwa herufi za Kiarabu: Nasor bin Hamed.

Nilitoka nikaenda mtaa wa zamani, kwenye yale majumba ya udongo yaliyobomoka. Nikawa nazunguka tu, nikijiuliza mlango wao ulikuwa upi.

Sikukuu ukoo ulikutana kwangu. Ami Hilal, mkubwa wetu, hakutaka kusikia.

"Mtu wa viinimacho, ya nini kumfufua?"

Shangazi hakubishana naye. Alimpa tu ile karatasi niliyoiprinti. Ami akavaa miwani, akaisoma sahihi kwa sauti. Akairudia. Halafu akasema taratibu, "Allah amrehemu," na nyumba nzima tukaitikia amin.

Akainua mikono, akamwombea dua kwa jina lake na la baba yake.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba rekodi peke yake haitoshi. Bila shangazi, Suena angebaki Suena. Kama una mzee nyumbani, kaa naye na hizo picha sasa hivi.

Zuwena bint Nasor sijampata tena. Huenda aliolewa akabadili jina. Mwenye uzoefu na rekodi za ndoa za kule anielekeze, na mwenye ndugu aliyepotelea ughaibuni atusimulie hapa chini. Huenda hivi sasa tuna ndugu Liverpool, na hata hawajui Ibra iko wapi.