Zulia Lisilo na Vumbi

Jina lake la ubatizo lilikuwa limebaki kwenye cheti na kwa mume wake. Wengine wote parokiani walimwita Mama Mbona, naye hakuchukia, kwa sababu alijua alivyolipata. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza mbona. Ukimwambia fulani anaoa, atakuuliza mbona sasa, mbona yule, na mbona kaka yake mkubwa bado. Alikuwa fundi cherehani, na kazi ile ilimfaa sana, maana mtu aliyezungushiwa tepu kiunoni hana pa kukimbilia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, alipenda kusema, pini zikiwa mdomoni.

Wiki yake ilikwenda na kanisa. Katikati ya wiki kulikuwa na sala za jumuiya, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kila nyumba aliyoingia alitoka akiijua mpaka rangi ya mapazia ya chumbani. Jumapili alikuwa Misa ya kwanza, benchi la tatu, upande wa sanamu ya Mtakatifu Yosefu, na mgeni aliyelikalia kwa kutojua alitazamwa mpaka akasogea. Lakini siku yake hasa ilikuwa Jumamosi alasiri. Alifunika cherehani, akabeba ndoo na matambara, akaenda kusafisha kanisa na kupanga maua ya altare. Saa hizo hizo padre alikuwa akiungamisha. Zamu hiyo aliiomba mwenyewe, na mume wake, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, alisema haihitaji nabii kujua sababu.

Tusimsingizie. Hakuwa akisikiliza dhambi za watu. Kiti cha kitubio kilikuwa kule pembeni, kisanduku cha mbao chenye pazia lililofifia, na minong'ono ya mle ndani haikufika alipokuwa. Yeye alitazama tu: nani kaingia, kakaa sana au kidogo, katoka na uso gani. Aliwahi kumwuliza padre kama kutazama ni dhambi, na padre akakohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Ndivyo alivyokuja kumwona Mzee wa Mashine.

Huyu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko. Siku za kazi kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga, na alipiga kelele kama wanavyopiga wote waliozungukwa na injini. Nje ya hapo alikuwa bubu wa kujitakia. Kanisani haimbi. Baada ya Misa, watu wakisimama uani kupeana habari, yeye anainua kofia, anatikisa kichwa, anaondoka. Kwenye jumuiya mke wake alisoma zamu yake na kusema maombi yake. Wengi walisema ana majivuno. Komunyo alikuwa hapokei, na hilo lilikuwa la miaka mingi mpaka watu walikuwa wameacha kulisema, isipokuwa Mama Mbona.

Sasa Jumamosi hizi mzee alianza kuja kuungama. Alikuja amenyoa, amevaa koti, akapanga foleni pamoja na wengine. Zamu yake ilipofika alisogea pembeni, akampungia mkono aliye nyuma yake apite. Akampungia na wa pili. Akawapitisha wote, wazee kwa vijana, hadi foleni ikaisha, yeye akabaki ameketi na rozari yake. Mama Mbona naye akabaki na tambara lake. Mzee akamtazama. Mama Mbona akatabasamu, akamwonyesha kwa kidevu kwamba njia ni nyeupe, aingie tu. Mzee akainuka, akafanya ishara ya msalaba, akatoka nje. Padre akachungulia pazia, akaangalia kushoto na kulia, akavua stola yake ya kuungamishia shingoni.

Mara ya kwanza Mama Mbona alisema ni adabu. Mara ya pili alisema ni woga. Mara ya tatu alikuwa hana raha tena. Alisugua mabenchi yaliyokuwa yanang'aa, alibadilisha maji ya maua yaliyobadilishwa sasa hivi, yote ili amwone mzee akiingia, na mzee asiingie. Nyumbani alikata vitambaa huku akihesabu dhambi zinazoweza kumlemea mtu kiasi kile. Labda mizani yake inapunja. Labda ana nyumba nyingine mahali.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mume wake alimwambia, akijaribu kuwa na uso wa hekima. Kisha uso ukamshinda. "Na wewe, mke wangu, mbinguni hutaingia upesi. Utasimama mlangoni kumwuliza Petro mbona ana funguo nyingi na mlango ni mmoja."

Jibu la nusu lilikuja lenyewe, kwa miguu yake. Binti wa mwisho wa Mzee wa Mashine alikuwa anaolewa, na gauni lake lilikuwa linashonwa na nani kama si Mama Mbona. Msichana alikuja kujipima, akapanda juu ya kigoda, na kwa sauti ile ya nyumbani kwao, ambako wote walizungumza kama wako ng'ambo ya mto, akaanza kueleza bila hata kuulizwa.

"Mama Mbona, mimi sikumwomba baba ukumbi wala magari," alisema. "Nimemwomba kitu kimoja. Siku hiyo apokee komunyo pamoja na sisi. Sijawahi kumwona akipokea tangu nizaliwe. Akaniambia sawa, ataungama kwanza. Kila Jumamosi anakwenda, na kila Jumapili bado anabaki kwenye benchi. Sijui padre anamkatalia nini."

Mama Mbona alichomeka pini moja kwenye pindo la gauni. Padre hakumkatalia chochote. Mama Mbona peke yake ndiye aliyejua kwamba mzee hajawahi hata kuingia. Akamwuliza msichana polepole harusi ni lini hasa, ingawa alijua, na msichana akajibu kwamba ni Jumamosi ya wiki ijayo. Basi ilikuwa imebaki Jumamosi moja tu ya kitubio.

Kesho yake alibeba debe la mahindi akaenda mashineni. Unga alikuwa nao tele nyumbani, lakini mtu hawezi kwenda mashineni mikono mitupu kuuliza habari za roho. Kulikuwa na foleni, kulikuwa na vumbi, mkanda wa mashine ulikuwa unazunguka mpaka meno yanatetemeka. Wateja walipiga kelele, mzee akapiga kelele, na Mama Mbona akangoja zamu yake huku akipanga maneno. Alipofika mbele tu, umeme ukakatika.

Mkanda ukalegea, mashine ikashusha pumzi, kimya kikatanda. Mama Mbona akaona Mungu amemfungulia mlango. Akainama karibu, akauliza kwa sauti ya chini mbona mzee huwa anawapisha watu wote Jumamosi.

"Unasemaje, mama? Sema kwa nguvu, sikusikii!"

Ilikuwa ngurumo. Mzee alisema kwa sauti ile ile ya kushindana na injini, na injini haikuwepo. Watu wote kwenye foleni wakageuka. Mmoja akacheka, mwingine akaziba masikio kwa mzaha. Mzee hakusikia kicheko, lakini nyuso aliziona. Akatazama mkanda, akaona umesimama, na damu ikampanda usoni chini ya ule unga. Akachukua brashi, akapiga magoti, akaanza kufagia chini ya mashine mahali palipokuwa safi. Hakusema neno lingine hadi umeme uliporudi.

Mama Mbona alirudi na debe lake kichwani, akitembea taratibu kuliko kawaida. Haikuwa majivuno, basi. Injini ilikuwa imekula masikio ya mzee, na mtu asiyejisikia hawezi kujua ananong'ona au ananguruma. Mle kwenye kisanduku, kila neno lake lingetua kwenye mabenchi, na padre naye angelazimika kumjibu kwa kupaza. Kwenye nyumba ya mapadre ingekuwa vile vile: mpishi jikoni, katekista ofisini, watu kwenye korido wakisubiri kuandikisha ubatizo. Miaka yote ile mzee alikuwa anaogopa kumwaga mtama penye kuku wengi. Ndiyo maana anawapitisha wote mbele. Alitaka kanisa liwe tupu.

Alikuwa amefika mlangoni kwake alipoona jambo lililobaki. Foleni ilikuwa inaisha kila Jumamosi. Kanisa lilikuwa linabaki tupu kila Jumamosi, isipokuwa mtu mmoja mwenye tambara. Aibu ilimshika Mama Mbona mpaka akatua debe chini akaketi juu yake. Alikuwa amesugua mabenchi wiki baada ya wiki akisubiri mzee aingie, na mzee alikuwa ameketi pale wiki baada ya wiki akisubiri yeye atoke.

"Yule mzee haogopi Mungu," alimwambia mume wake. "Ananiogopa mimi."

Mume alikuwa anaosha brashi zake. Alitaka kutania, akamwangalia usoni, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Jumamosi ikafika. Mzee wa Mashine alikuja na koti lake, akapisha mmoja, akapisha wote. Mtu wa mwisho alipotoka, Mama Mbona hakugusa benchi. Alikwenda altareni, akakunja lile zulia jekundu la kwenye ngazi, akalibeba begani. Alipofika usawa wa mzee alisimama hadi mzee akamtazama, akamwonyesha mlango mkubwa, akajionyesha mwenyewe kwa kidole, akatoka na kuufunga nyuma yake.

Lakini ua wa kanisa si jangwa. Watoto wa mafundisho walikuwa wanakimbizana, wanakwaya walikuwa wanaanza kufika kwa mazoezi, na vioo viwili vya dirisha lile la karibu na kitubio vilikuwa vimevunjika tangu mvua za mwaka uliopita. Mama Mbona alilijua hilo. Ndiyo sababu alichukua zulia. Akalitundika kwenye kamba, mbele ya dirisha hasa, akashika mpini wa ufagio.

Sauti ikatoka. "Unibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa," ilisema, na njiwa waliokuwa juu ya paa wakaruka.

Mama Mbona akapiga zulia. Akapiga tena. Lilikuwa limefuliwa wiki ile ile, na halikutoa hata chembe, lakini alilipiga kama lina deni naye. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole mwenye miwani, akaja kusimama kando yake na kitabu chake cha nyimbo.

"Mama," akasema, "mbona unapiga zulia lisilo na vumbi?"

Watu wakatulia kusubiri jibu. Hakuna aliyewahi kumwuliza yeye swali hilo, na pengine siku nyingine lingemfurahisha. Hakulijibu. Alimwambia mwalimu kwamba ndani hapaingiliki, sakafu ina maji, na kwamba kama wana sauti za kuimbia Jumapili wazitoe hapa hapa uani, tena wasione haya. Sakafu haikuwa na maji, na uongo huo aliuweka akiba kwa kitubio chake mwenyewe. Mwalimu alimtazama kidogo, akatazama dirisha, akakunjua kitabu. Kwaya ikaimba, Mama Mbona akipiga mapigo yasiyokuwa ya wimbo ule wala wimbo wowote.

Yaliyomtesa ni mapumziko. Kila ubeti ulipoisha, waimbaji wakivuta pumzi, sauti ya mzee ilijitokeza katikati, pana, karibu sana. Kuuliza kote kwa maisha yake kulimkaa mkononi. Angechelewesha pigo moja tu. Nani angejua? Mkono ulikuwa unamuuma, na sikio lilikuwa linamuuma zaidi. Kila mapumziko yalipofika alipiga kwa nguvu zaidi, na pale mpini ulipokatika aliendelea kwa kiganja, huku akiimba mwenyewe, na Mungu alimnyima mambo mengi, sauti ya kuimba ikiwa ya kwanza.

Mlango ulipofunguliwa, mzee alikuwa na macho mekundu. Alitazama kwaya, akatazama mpini uliovunjika, akatazama lile zulia safi. Akaja akalishika upande mmoja, naye Mama Mbona akashika mwingine. Hapo mzee akainama sikioni kwake, akanong'ona kadiri alivyojua kunong'ona, na ua mzima ukasikia.

"Nimesikika?"

Mama Mbona akatikisa kichwa kukataa. Ilikuwa kweli, na mzee aliona usoni kwake kwamba ni kweli. Wakalibeba zulia ndani wote wawili.

Usiku ule mume wake alijizuia mpaka chakula kikaisha, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, mzee alikuwa na lipi la kumweka mle ndani muda wote ule. Mama Mbona akasema hajui. Lilimwuma kulisema. Mpaka leo, ukitaka ukweli, linamwuma kidogo.

Siku ya harusi gauni lilikaa vizuri, pindo lake likiwa limetandazwa juu ya zulia jekundu. Komunyo ilipofika, padre alianza na maharusi, kisha akawageukia wazazi. Mzee wa Mashine alisimama mbele yake, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwili wa Kristo," padre akasema, akipaza kidogo.

"Amina!"

Kanisa zima likashtuka. Mtoto mmoja akaanza kulia, na nyuma huko vijana wakacheka, kisha kicheko kikasambaa benchi hata benchi. Bibi harusi alikuwa amefunika mdomo kwa maua, machozi yakimtiririka. Mzee alirudi mahali pake, akapiga magoti, akafumba macho, asijue lolote.

Mama Mbona alikuwa kwenye mstari. Zamu yake ilipofika, padre akasema yale maneno. Mama Mbona akavuta pumzi mpaka vifungo vya blauzi yake vikalalamika, akaitikia Amina kwa nguvu zote alizopewa, hadi vicheko vikakatika, na Mzee wa Mashine, pale alipokuwa amepiga magoti, akafumbua macho na kugeuka kutazama ni nani aliyemwita.